Kalamu Iliyokomboa Nyumba

Msikilizaji wangu, juma hili nataka nikusimulie habari za Aurore Dupin, mwandishi wa Ufaransa ambaye dunia inamjua kwa jina la kiume, George Sand. Wengi wakimtaja huanza na suruali yake na sigara zake. Mimi naona tuanze na nyumba yake.

Aurore alizaliwa Paris mwaka 1804. Mwaka huo huo zilitangazwa sheria za Napoleon zilizomtaka mke amtii mumewe. Alilelewa na bibi yake, mzaa baba, katika kijiji cha Nohant. Bibi alipofariki mwaka 1821 alimrithisha nyumba na mashamba. Mwaka uliofuata Aurore aliolewa na Casimir Dudevant, na usimamizi wa mali ukaangukia mikononi mwa mume. Mwenye nyumba akageuka mgeni.

Ndoa haikuwa na raha, na talaka ilikuwa imefutwa tangu mwaka 1816. Hatimaye wakapatana apewe faranga 3,000 kwa mwaka, kutoka katika mali yake mwenyewe! Mwaka 1831 akaenda Paris kutafuta riziki kwa kalamu. Fedha hazikutosha. Viatu vya kike viliisha upesi barabarani, na katika majumba ya michezo ya kuigiza wanawake hawakuruhusiwa kukaa chini, kwenye nafasi za bei nafuu. Akavaa suti ya kiume na buti zenye visigino vya chuma. Kumbe ile suruali ilikuwa hesabu ya mfuko kabla ya kuwa kashfa.

Mwaka 1832 ilitoka riwaya yake Indiana, inayohusu mke aliyenaswa katika ndoa mbaya. Ilisomwa sana. Mwaka 1836, akiwa na jina na kipato, alikwenda mahakamani, akapata ruhusa ya kutengana na mumewe na kurudishiwa Nohant. Huko ndiko alikofia, tarehe 8 Juni 1876.

Mwaka 1848 wanawake wenzake walitaka agombee ubunge, akakataa. Zamani nilimlaumu kwa hilo. Lakini hoja yake ilikuwa kwamba mke aliye chini ya amri ya mume hawezi kupiga kura kwa uhuru. Sheria ya ndoa ibadilike kwanza.

Talaka ilirudishwa mwaka 1884. Mke wa Kifaransa aliruhusiwa kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mumewe mwaka 1965. Basi tunapomsifu George Sand, tujiulize: ni wanawake wangapi walikuwa na nyumba kama yake, lakini hawakuwa na kalamu?

Kwaheri hadi juma lijalo.