Kipande cha Nandi

Mwaka 1902, mwaka uleule lilipoundwa jeshi la King's African Rifles (KAR), Uingereza iliamua kwamba nishani moja itatosha kwa vita vyake vidogo barani Afrika. Ni duara la fedha: upande mmoja kichwa cha Mfalme Edward wa Saba, upande wa pili Britannia amesimama na simba wake, jua likichomoza. Utepe ni wa manjano, kingo nyeusi, na mistari miwili ya kijani katikati. Askari na afisa walivaa ileile. Jina la mwenyewe lilichongwa ukingoni, na vita alivyopigana viliandikwa kwenye kipande chembamba cha fedha kilichopachikwa juu ya utepe. Bila kipande hicho hujui mtu alikuwa wapi.

Kimoja kinasomeka NANDI 1905-06. Wanandi walikuwa wameupinga utawala wa Waingereza kwa miaka kama kumi, wakikata nyaya za simu na kung'oa vyuma vya reli ya Uganda. Kiongozi wao, mwenye cheo cha Orkoiyot, alikuwa Koitalel arap Samoei. Tarehe 19 Oktoba 1905, katika kikao kilichoitishwa kwa jina la amani, Kapteni Richard Meinertzhagen wa kikosi cha tatu cha KAR alimpiga risasi, na wenzake Koitalel wakauawa papo hapo. Miezi iliyofuata ilikuwa ya kuchoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Waliopewa kipande walikipata kwa hayo.

Wanandi husema Koitalel alikuja kusalimiana. Meinertzhagen alisema alitegewa, na mabaraza ya uchunguzi ya kijeshi yakamwamini, ingawa mwaka 1906 aliondolewa Kenya. Alirudi Afrika Mashariki mwaka 1914 akiwa afisa wa upelelezi, akashuhudia Waingereza wakitimuliwa Tanga. Kabla ya hapo sayansi ilikwishampa heshima: nguruwe mkubwa wa msituni ana jina lake la kisayansi.

Elimu hiyohiyo ya viumbe ndiyo iliyomfichua. Alikuwa na maelfu ya ndege waliokaushwa, akawakabidhi kwa makumbusho ya London. Miaka ya 1990, muda mrefu baada ya kifo chake mwaka 1967, wataalamu waliwachunguza upya na kukuta wengi wameibwa kutoka makusanyo ya watu wengine, vibandiko vimebadilishwa mahali na tarehe. Wanahistoria nao wameonyesha kwamba shajara zake maarufu aliziandika upya baadaye, na chochote anachojisifia humo kinahitaji shahidi wa pili.

Sasa rudi Nandi. Maelezo ya upande wa Waingereza kuhusu dakika zile yanategemea kwa sehemu kubwa neno la mtu huyuhuyu. Mimi siwezi kulipa uzito zaidi kuliko la wazee wa Nandi. Mwaka 2006 fimbo za Koitalel, alizozichukua Meinertzhagen siku ile, zilirudishwa Kenya kutoka kwa mwana wa afisa huyo.