Mnada wa Mbuzi na Kitanda cha Hospitali: Biashara ya Maradhi katika Turkana

Mwenye kuuliza habari za uchumi wa Turkana aghalabu huelekezwa kwenye mafuta yaliyogunduliwa katika bonde la Lokichar mwaka 2012, au kwenye barabara kuu itokayo Kitale kuelekea Lokichoggio, au kwenye soko la Kakuma, ambalo tawi la Benki ya Dunia lishughulikialo sekta binafsi lilitangaza mwaka 2018 kuwa lina maduka zaidi ya 2,000. Yote hayo ni kweli. Lakini iko biashara nyingine isiyopewa ukurasa wake, nayo huanza siku ile kijana mkubwa wa nyumba, aliyekwisha kujitegemea na kuwalisha wengine, anapolazwa kitandani asiinuke: mbuzi huuzwa, nauli hulipwa, dawa hununuliwa, deni hufunguliwa dukani, na mali hutoka mikononi mwa wafugaji ikaingia mikononi mwa wenye magari, wenye nyumba za kulala wageni na wenye maduka ya dawa.

Nasema kijana mkubwa kwa makusudi. Ugonjwa wa mtoto mchanga huleta simanzi na gharama, lakini haukati pato la nyumba, ilhali mwendesha bodaboda wa Lodwar, au mwalimu wa Kakuma, au mlinzi wa ghala la shirika la misaada, huenda ndiye peke yake katika ukoo mzima apataye fedha taslimu kila mwezi, na wazee walioko malishoni humtazamia yeye kwa unga, sukari na karo za wadogo zake. Akiugua huyo, nyumba hupata hasara mara mbili kwa wakati mmoja, kwani mapato yamekoma na matumizi yamezidi. Fauka ya hayo, akishavuka umri ambao sheria humhesabu kuwa mtegemezi, bima ya wazazi haimfuniki tena, hata kama amerudi kulala katika boma lao na kulishwa kwa mkono wa mama yake.

Maradhi yenyewe ni ya namna nyingi. Yako yaliyoijulisha Turkana kwa matabibu wa dunia, mathalan hidatidi, ugonjwa wa mnyoo wa mbwa ambao uvimbe wake uliojaa maji huota ndani ya ini kwa miaka mingi pasipo mwenyewe kujua, hata unapojitokeza mgonjwa amekwisha kuwa mtu mzima na dawa yake aghalabu ni kisu cha mpasuaji. Shirika la Amref lilianzisha kampeni ya kuupiga vita tangu mwaka 1983. Yako pia yasiyokuwa na nchi, kama saratani na kushindwa kwa figo, na haya ndiyo yafilisiyo zaidi, kwa kuwa hayana siku ya kwisha. Hospitali ya rufaa ya Lodwar hufanya iwezavyo. Yaliyoizidi nguvu hupelekwa Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi iliyoko Eldoret, safari ya zaidi ya kilomita 300, kupitia kipande cha Kainuk ambacho kwa miaka mingi abiria wamekipita wakiwa na hofu ya majambazi.

Na tutwae mfano wa figo, maana hesabu yake ni wazi. Mgonjwa husafishwa damu mara mbili kwa juma, na kwa viwango vya Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa bima ya zamani ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kila kipindi hulipiwa shilingi 10,650, yaani zaidi ya milioni 1.1 kwa mwaka. Mfugaji hawezi kulipa fedha hizo hata akiuza zizi zima, na kwa hiyo ni haki kusema kwamba bima hiyo, pamoja na lawama zote inazopewa, imeokoa roho za watu. Lakini tazama upande wa pili wa daftari. Kijana huyo akiwa anakaa Kakuma na kutibiwa Lodwar, kilomita kama 120 kwenda na kadiri hiyo kurudi, basi kwa juma amesafiri kilomita 480, na kwa mwaka zinakaribia 25,000. Hakuna bima inayomlipia njia hiyo. Naye hasafiri peke yake, kwa kuwa mtu aliyetoka kusafishwa damu hurudi amelegea na hapaswi kuachwa bila wa kumshika mkono, basi nauli ni za watu wawili, na yule wa pili amekwisha kuacha kazi yake. Akiamua kuhamia Lodwar apunguze safari, kodi ya chumba hushika mahali pa nauli. Ndiyo maana nashikilia kwamba, kwa watu wa nchi hii, hospitali siyo muuzaji mkubwa katika soko la maradhi. Muuzaji mkubwa ni barabara.

Fedha za barabara hutoka mnadani, na mnada una tabia zake. Dalali mzoefu hupapasa kiuno cha mbuzi kwa vidole viwili ajue nyama iliyopo, kisha humpapasa mwenye mbuzi kwa macho. Akimwona ana bahasha ya picha za eksirei kwapani, au anauliza saa ya gari la Kitale kabla hajauliza bei, hujua kwamba mtu huyu hatarudi na mnyama wake nyumbani, na bei hushuka hapo hapo. Sitaki kuwalaumu madalali kupita kiasi, maana nao wana deni la lori na ushuru wa kaunti, na yamkini kesho watauguliwa na wao. Hata hivyo auzaye kwa dharura hana sauti, na kiangazi kikiwa kirefu, kama kile cha mwaka 2020 hadi mwaka 2023 ambapo mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, hata kile kidogo alichokitarajia hukikosa.

Zamani ilikuwako bima ya namna nyingine. Mwanazuoni P. H. Gulliver, aliyechapisha mwaka 1955 kitabu chake juu ya makundi ya mifugo ya Waturkana na Wajie, alieleza jinsi kila mwanamume alivyokuwa na mtandao wa ndugu, wakwe na marafiki waliopeana wanyama, kila mmoja akiweka kwa mwenziwe amana ya kudai siku ya haja. Mtandao huo haujafa. Umehamia kwenye simu, na mchango wa mgonjwa siku hizi hupitia M-Pesa na kundi la WhatsApp lenye mweka hazina na orodha ya waliotoa. Tofauti ni kwamba ndama aliyepewa rafiki aliendelea kuzaa, ilhali shilingi 200 zilizotumwa Jumatatu zimekwisha Jumanne kwa mafuta ya gari, na mchango wa tatu kwa mgonjwa yule yule hupata watoaji wachache kuliko wa kwanza.

Kakuma kambini mambo huenda kwa mkondo wake. Tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992 mkimbizi hutibiwa bure katika hospitali za mashirika, na majirani zake Waturkana nao hupata humo nafasi ambayo huko kwao iko mbali. Lakini rufaa ya kwenda nje hupimwa na kamati inayotazama gharama pamoja na matumaini ya kupona, na mwenye ugonjwa wa ghali usio na matumaini makubwa huweza kuambiwa angoje. Hapo wazazi huenda kwa mwenye duka. Wachunguzi wa mambo ya Kalobeyei, makazi ya wakimbizi yaliyo jirani na kambi hiyo, wameandika habari za familia zinazoweka kadi zao za msaada rehani dukani, ili mgao wa mwezi ukiingia mdai ajichukulie chake. Mwaka 2025 mgao ulipopunguzwa mno, dhamana hiyo ilipungua thamani pamoja nao, na mwenye duka aliyezoea kukopesha akaanza kudai fedha mkononi.

Jambo moja lanishangaza kila nilitazamapo. Mwaka 2015 serikali ilianzisha katika Turkana na Wajir bima ya mifugo inayopima ukavu wa malisho kwa picha za setilaiti, hata mfugaji akalipwa kabla ng'ombe hajafa. Waliobuni mpango huo walikuwa wamemwelewa mfugaji: hana mshahara, ana misimu. Bima ya afya ya binadamu haijamwelewa hivyo. Aliye na mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi wala haoni taabu, lakini asiye nao hutakiwa alipe mchango wa mwaka kwa mkupuo, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Mwaka 2025 uliletwa utaratibu wa kulipa pole pole kwa mkopo, nao unafaa kwa muuza mboga wa mjini apataye kidogo kila siku. Mfugaji hupata nyingi kwa mara moja, baada ya mvua, mbuzi wanaponenepa na wanunuzi wa nje wanapokuja na malori, na siku hiyo shilingi 3,600 hutoka bila kumuumiza. Miezi minne baadaye hata aapishwe hana. Amwandikishaye kijana wa miaka thelathini kwa jina lake mwenyewe angefaa akae mnadani katika majuma hayo, kando ya karani wa ushuru, ambaye meza yake iko pale tayari na kila mwenye kuuza hupita mbele yake.