Lalamiko la Mlaji: Namna ya Kulisema Hadi Lisikike

Mlaji anayo haki ya kusikilizwa. Ni miongoni mwa haki nne alizozitaja Rais John F. Kennedy wa Marekani katika ujumbe wake kwa Bunge la nchi hiyo tarehe 15 Machi 1962, na ndiyo sababu tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Hata hivyo, wapo walaji wengi wenye madai ya haki ambao huyapoteza kwa namna wanavyoyasema. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kulalamika bila kuiharibu haki yako.

Tuchukue mfano

Mama mmoja wa Mbagala aliweka akiba mwaka mzima, akanunua jokofu Kariakoo kwa shilingi 700,000 ili auze maji baridi na juisi. Siku ya 12 jokofu likaacha kupoza. Aliporudi dukani, kijana wa mauzo hakumsikiliza, alimwonyesha tangazo lililobandikwa ukutani: “Bidhaa ikishauzwa hairudishwi.”

Mama yule aliondoka na uchungu. Jioni akatuma ujumbe katika makundi yote ya simu aliyokuwamo: “Hawa ni wezi, msikanyage hapo.” Akaambatanisha picha ya yule kijana pamoja na namba yake ya simu. Usiku huo alipata pole nyingi. Asubuhi mwenye duka alimpigia kumweleza kuwa atamshtaki kwa kumkashifu. Jokofu bado lilikuwa bovu, na mlalamikaji sasa alikuwa mlalamikiwa.

Alichokuwa nacho mkononi

Kabla ya kutuma ujumbe ule, mama huyu alikuwa na madai yenye nguvu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, pamoja na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, humtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa matumizi yake. Jokofu lisilopoza halifai. Tangazo la ukutani haliondoi wajibu huo.

Ni vyema tutofautishe mambo mawili. Ukinunua viatu vizima, ukafika nyumbani ukaona rangi yake haikupendezi, muuzaji halazimiki kuvipokea; akivipokea, ni hisani yake. Lakini viatu vikiachia soli wiki ya kwanza, hapo huombi hisani, unadai haki yako. Kadhalika, lugha ya dharau ya mhudumu ni jambo la kulifikisha kwa meneja au mwenye duka ili amrekebishe. Usiichanganye na dai la fedha, kwa maana moja hulifunika jingine: utajikuta mnabishana nani alimtusi nani, na jokofu likasahaulika.

Hatua za kufuata

Kwanza, tunza ushahidi. Sheria humtaka muuzaji atoe risiti ya mashine ya kielektroniki, na humtaka mnunuzi aidai. Maandishi ya risiti hizo hufifia upesi, hivyo ipige picha siku ile ile, na ukiombwa risiti toa nakala, usiache halisi. Tunza pia hati ya dhamana na ujumbe wote mlioandikiana na muuzaji. Usimpe fundi wa mtaani kifaa akifungue kabla muuzaji hajakiona, kwa kuwa atapata la kusema.

Pili, mwone mwenye mamlaka ya kuamua. Kijana wa mauzo mara nyingi hana ruhusa ya kurudisha fedha. Hasira unayommalizia haikusogezi popote. Muulize jina la meneja na saa anazopatikana.

Tatu, usipopata jibu, andika barua fupi. Mfano wake ni huu:

“Tarehe 3 Juni nilinunua dukani kwenu jokofu kwa shilingi 700,000. Nakala ya risiti nimeiambatanisha. Tarehe 15 Juni liliacha kupoza. Nilifika dukani siku hiyo hiyo, sikusaidiwa. Naomba mnibadilishie jokofu au mnirudishie fedha zangu kabla ya tarehe 29 Juni.”

Barua hii ina mambo manne: ulichonunua, kilichotokea, unachotaka na mwisho wa kusubiri. Haina tusi. Tunza nakala yake, na mpokeaji atie saini na tarehe.

Nne, siku uliyoweka ikipita kimya, peleka lalamiko kwenye mamlaka husika. Tume ya Ushindani hushughulikia wafanyabiashara wanaowapotosha au kuwadhulumu walaji. Bidhaa isiyokidhi viwango ni ya Shirika la Viwango Tanzania. Mizani iliyopunjwa ni ya Wakala wa Vipimo. Afisa anayepokea barua yenye risiti na tarehe huanza kazi mara moja. Anayepokea simulizi tupu huanza kwa kuulizia risiti.

Je, mtu asiseme hadharani?

Anaweza kusema. Kuwatahadharisha wengine ni jambo la manufaa, na wapo wafanyabiashara wanaojirekebisha kwa kuwa wateja wao wamesema. Tunachoshauri ni kusema lile tu unaloweza kulithibitisha. Ukiandika, “Nilinunua jokofu hapa, likaacha kupoza siku ya 12, nimeandika barua na sijajibiwa,” risiti na nakala ya barua vinakutetea. Ukiandika, “Hawa ni wezi,” utatakiwa kuuthibitisha wizi, nawe huna ushahidi wake; ulicho nacho ni ushahidi wa jokofu bovu.

Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza taarifa ambazo mtu anajua ni za uongo kwa nia ya kukashifu au kutukana. Usisambaze sura wala namba ya simu ya mfanyakazi: taarifa binafsi za mtu zinalindwa kwa sheria ya mwaka 2022, na aghalabu mfanyakazi huyo siye aliyeamua fedha zako zisirudishwe. Dukani wakikutendea haki baada ya hapo, wasomaji wako nao waambie.

Kwa mama wa Mbagala, njia ilikuwa bado haijafungwa. Aufute ujumbe ule, awaombe waliousambaza waache, kisha aandike barua yenye tarehe na risiti. Tuhuma ya kashfa haifuti ubovu wa jokofu, na dai la shilingi 700,000 bado ni lake.