Chuma ulete au daftari? Mtaji wa mchuuzi unavyoyeyuka Feri

KABLA jua halijachomoza upande wa Kigamboni, soko la samaki la Feri, Magogoni jijini Dar es Salaam, huwa limekwishachangamka. Boti na mashua zinaingia na samaki wa usiku, mafungu yanamwagwa mnadani, na mnadi anapandisha bei kwa kasi ambayo mgeni hawezi kuifuata. Hatua chache kutoka hapo ni Ikulu. Upande wa pili pantoni inashusha watu wanaowahi kazini mjini. Katikati ya pilikapilika hizo wamo wachuuzi wenye ndoo na mabeseni, ambao mtaji wao wote hautoshi kununua baiskeli mpya.

Wapo miongoni mwao walioanza na beseni moja na baada ya miaka michache wakawa na jokofu, kijana wa kuwasaidia na kiwanja Mbagala au Chanika. Wapo pia waliokuwa na beseni hilo hilo miaka kumi iliyopita na bado wanalo, na kila baada ya miezi michache hukopa ili waanze upya. Wote wananunua katika mnada mmoja, wanakaanga kwa kuni za aina moja na kupanda daladala zile zile kurudi uswahilini kuuza. Tofauti inatoka wapi?

Jibu linalotolewa haraka, na kwa kunong'ona, ni chuma ulete. Inaaminika kwamba kuna watu wanaokuja kununua wakiwa na noti iliyofanyiwa dawa. Noti hiyo ikishaingia kwenye pochi ya muuzaji, huvuta fedha zote na kurudi nazo kwa mwenyewe. Muuzaji ameuza siku nzima, jioni anahesabu, fedha haitoshi. Nani kaichukua?

Hebu tufanye hesabu. Tuchukulie mama mmoja amenunua samaki wa Sh 50,000. Mafuta, kuni, mifuko na nauli vimemgharimu Sh 12,000. Jioni amekusanya Sh 75,000. Ukitoa Sh 62,000 alizotumia, faida yake ni Sh 13,000, na kwa biashara ya siku moja si haba.

Lakini fedha zote zipo kwenye pochi moja. Njiani ananunua unga na mboga, anaweka vocha, anatoa mchango wa harusi ya jirani, anampa mtoto nauli ya shule ya kesho. Samaki wawili wamebaki kwa ajili ya chakula cha usiku, nao hawahesabu kwa sababu "ni wa kwangu mwenyewe". Mwingine kakopwa na shoga yake ambaye hadaiki. Vyote hivyo vikijumlishwa vinafika Sh 15,000. Amekula faida yote, na Sh 2,000 za mtaji juu yake.

Kesho yake ananunua samaki pungufu kidogo. Hashtuki, kwa sababu bei ya mnadani hupanda na kushuka kila siku, na beseni lisilojaa linaweza kuwa na sababu nyingi. Akiendelea hivyo kwa siku 31 za kazi, mtaji wote wa Sh 62,000 umekwisha. Mchawi wa hapa, kama yupo, ni hizo Sh 2,000.

Hapo ndipo wengi wanapoangukia kwenye mikopo ambayo mitaani huitwa kausha damu. Mkopaji anapata fedha siku hiyo hiyo, bila maswali mengi, na rejesho linaanza mapema kuliko faida. Aliyeshindwa kubakiza Sh 2,000 kwa siku sasa anatakiwa kutoa rejesho na riba kutoka kwenye beseni lile lile. Asipolipa, hubebwa televisheni, godoro, hata majiko anayokaangia samaki.

Mwenye daftari naye ana shida hizo hizo. Watoto wake wanaugua na harusi za majirani zinamhusu. Tofauti ni kwamba anajua siku ile ile kwamba amekula mtaji, na kwa kiasi gani. Anaweza kubana kesho yake, au akapeleka fungu la kila siku kwenye upatu au kikoba ili litoke likiwa fedha ya maana. Kwa mtu asiye na mshahara, upatu una faida moja kubwa: aibu. Fedha iliyo nyumbani huombwa na kila mtu, lakini fedha ya upatu ina wenzako wanaoisubiri.

Mbali na daftari, ipo tabia nyingine ambayo haionekani kwenye karatasi lakini thamani yake ni kubwa kuliko fedha. Mchuuzi aliyezoeleka Feri huweza kupewa samaki asubuhi na kulipa jioni au kesho yake. Kutoka hapo kwenda Kariakoo ni mwendo mfupi wa daladala, na huko desturi hiyo imekuwa mfumo mzima wenye jina lake: mali kauli. Mwenye duka la jumla anamkabidhi kijana viatu, vitenge au vifaa vya simu bila kupokea hata shilingi. Kijana anazunguka nao Mtaa wa Kongo au Msimbazi, na akifunga siku anarudisha fedha ya mwenye mali, kisha anabaki na cha juu. Hakuna hati wala dhamana ya nyumba, na mara nyingi hakuna hata shahidi.

Winga wa Kariakoo, yule kijana anayemdaka mteja barabarani na kumpeleka kwenye duka lisilo lake, anaishi kwa mtindo huo huo. Benki isingemkopesha Sh 100,000, lakini mwenye duka anamkabidhi mzigo wa thamani mara kadhaa ya hiyo, kwa sababu mara 50 zilizopita alirudi. Akichelewa mara moja bila taarifa, habari inafika duka la tatu kabla hajafika yeye. Ndiyo maana wazoefu humwambia kijana mgeni kwamba siku ambayo hakuuza arudi mapema zaidi kuliko siku aliyouza, arudishe mzigo na aseme ukweli.

Watu wanapozungumzia mafanikio hupenda kutaja majina makubwa. Hayati Reginald Mengi, aliyefariki dunia Mei 2019, alieleza jinsi alivyoanza kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake, na mwaka 2018 alizindua kitabu cha maisha yake kiitwacho I Can, I Must, I Will. Kinachosahaulika ni kwamba alikuwa mhasibu kitaaluma. Kabla hajawa na kiwanda alijua kutofautisha mtaji na faida. Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar, anatajwa kuwa aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akauza mchanganyiko wa viazi, kisha akaendesha mgahawa kabla ya kuingia kwenye usagaji wa nafaka. Leo nembo ya Azam iko kwenye unga, juisi, boti za Zanzibar na televisheni.

Hata hivyo, mifano hiyo ina mtego. Wapo wengi walioamka alfajiri kama hao, wakajibana kama hao, na hakuna aliyewaandikia kitabu. Tabia njema haizuii kila balaa. Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliteketeza soko kuu la Kariakoo, jengo lililobuniwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Moto haukuuliza nani ana daftari na nani hana. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa siku kadhaa wakilalamikia kodi, na winga ambaye hula anachopata siku hiyo alikaa bila kitu ingawa mgomo haukuwa wake.

Siku kama hizo jina ndilo hubaki. Aliyeunguliwa na mali lakini akawa analipa kwa wakati ana mlango wa kugonga kesho yake. Aliyekuwa akikwepa simu za wadai hana. Hilo si jambo dogo kwa mtu asiye na bima, na wachuuzi walio wengi hawana.

Wasiojua kuandika nao hawajakosa njia. Wapo akina mama wa Feri wanaofunga fedha ya samaki kwenye pindo la khanga na kuweka faida kwenye pochi ya mkononi. Njia nzima ya kurudi nyumbani pochi inafunguliwa mara nyingi, pindo halifunguliwi hadi alfajiri mnadani. Na wapo ambao baada ya chakula cha usiku humwita mtoto anayesoma shule ya msingi, wakamtajia walichonunua, walichouza na waliokopwa, naye akaandika nyuma ya daftari lake la hesabu.