Pini Imeingia, Sauti Haitoki

Kompyuta ilikuwa nzima. Spika zilikuwa nzima. Waya ulikuwa mpya, bado unanukia plastiki. Hata hivyo mwenye mali alifika Kariakoo akiwa ameshaambiwa kwingine kwamba upande wa sauti umekufa na dawa ni kubadilisha bodi. Fundi aliyeipokea kazi hiyo hakugusa bisibisi. Aliigeuza kompyuta ubavu, akakinga mwanga wa dukani kwa kiganja, akachungulia tundu la kuchomekea spika. Ndani kulikuwa na taa nyekundu inawaka.

Taa hiyo ndiyo iliyozaa makala haya. Wengi wanaotumia MacBook Pro za mtumba, zile zilizotoka kiwandani kabla ya 2016, wamewahi kuiona wakadhani ni onyo la hitilafu. Si onyo. Taa ile ndiyo sauti yenyewe. Tundu moja linatoa muziki kwa njia mbili: kwa umeme, ukichomeka pini ya chuma tuliyoizoea, na kwa mwanga, ukichomeka pini yenye uzi wa plastiki unaopitisha mwanga mwekundu. Pini zote mbili zina unene wa milimita 3.5. Ile ya mwanga imezidi urefu kwa nusu milimita tu, kusudi ile ya chuma isifike ikagonga taa iliyokaa mwisho wa tundu.

Nusu milimita! Hapo ndipo mtu anapopigwa na butwaa. Mle ndani kuna swichi ndogo inayoiambia kompyuta ni pini gani imeingia. Swichi ikinata, kwa vumbi au kwa kuchomekwa na kuchomolewa miaka nenda miaka rudi, kompyuta inaamini kwamba imechomekwa pini ya mwanga hata kama tundu ni tupu. Basi inazinyamazisha spika zake, inafunga kipimo cha sauti kwenye skrini kisipande wala kushuka, kisha inaumwaga wimbo wote kwa mwanga, ukaishie hewani. Mwenye kompyuta anabonyeza na kubonyeza. Kimya. Kwa upande wake, kompyuta inafanya kazi iliyodhani imetumwa.

Tiba ya fundi ilikuwa kijiti cha kuchokonolea meno. Alizima kompyuta, akapitisha ncha ya kijiti pembeni mwa tundu polepole, akapapasa mpaka akahisi kitu kinasogea. Alipoiwasha, taa ilikuwa imezimika na sauti imerudi. Anasisitiza kijiti kiwe cha mti, wala si sindano, maana chuma kinaweza kugusanisha visivyopaswa kugusana, au kuivunja swichi yenyewe. Na si kila mara kijiti kinafaulu. Swichi iliyokatika haiponi kwa kupapaswa.

Fundi huyu ni mtu wa makamo, ana meza moja kwenye korido nyembamba, na hapendi jina lake liandikwe gazetini. Sababu yake inaeleweka: majirani zake wanaishi kwa kuuza waya ambazo yeye anazisema vibaya kutwa nzima. Kauli yake, anayoirudia kwa kila mteja anayefika na mfuko wa nyaya, ni kwamba pini kuingia kwenye tundu si ushahidi wa lolote. Viwanda vimetengeneza pini zinazofanana kwa kazi zisizofanana, na mwanya huo ndio uliomlipia ada za watoto.

Kwa maelezo yake, spika zote duniani ni za analojia mwishoni. Utando wa spika husogea mbele na nyuma kwa kufuata umeme unaopanda na kushuka, na hakuna namna nyingine ya kuutikisa. Dijitali haibebi mawimbi hayo; inabeba namba zake. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Namba hizo zikisafirishwa kwa mfumo wa S/PDIF, uliobeba herufi za kwanza za Sony na Philips, waya unapitisha biti zaidi ya milioni 2.8 kila sekunde. Sikio la binadamu linakoma kwenye mitetemo kama 20,000. Ukizimwaga namba hizo moja kwa moja kwenye spika ya kawaida, utapata kimya, au ukibahatika, mkwaruzo hafifu kama wa redio iliyopoteza stesheni. Fundi ana namna yake ya kulieleza hili kwa wateja wasio na subira: dijitali ni maelekezo ya mapishi yaliyoandikwa kwenye karatasi, na karatasi haishibishi mtu mpaka apatikane mpishi.

Mpishi huyo ni chipu ya kugeuza namba kuwa umeme wa sauti. Kila mfumo lazima uwe naye mahali fulani. Swali pekee ni amekaa upande gani: ndani ya kompyuta, ndani ya spika, au kwenye kiboksi katikati. Akikosekana pande zote, hakuna waya wa kumfidia.

Ukitaka kumwona fundi akipandisha sauti, mtajie tundu la rangi ya chungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni za Intel na Microsoft zilipendekeza rangi za matundu ya kompyuta ili mnunuzi asihitaji kusoma kijitabu: kijani kwa spika, pinki kwa maikrofoni, bluu kwa sauti inayoingia. Chungwa likapewa spika ya kati na sabufa, kazi ya analojia kabisa. Lakini kwenye redio na deki, tundu la duara la rangi hiyohiyo ni la dijitali. Kisha kadi za Sound Blaster Live! 5.1 zikaja na tundu la chungwa linalofanya yote mawili: mara analojia ya sabufa, mara dijitali, kutegemea alama uliyoweka kwenye programu ya kompyuta. Zilikuwapo pia seti za spika zilizopokea dijitali kwa pini ileile ya milimita 3.5, isiyotofautiana kwa macho na ya hedifoni. Mtu akiichomeka kwenye tundu la kijani, kama alivyofundishwa, spika zinanyamaza. Akiihamishia kwenye chungwa bila kubadilisha alama kwenye programu, zinanyamaza vilevile. Seti kama hizo bado zinafika mezani pake, zikiwa na kabati zuri la mbao, zimeuzwa kwa bei ya takataka kwa sababu mtu fulani aliamua zimekufa.

Siku hizi, hata hivyo, kompyuta si mteja wake mkubwa. Ni televisheni. Dar es Salaam ilizimiwa matangazo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, televisheni za kichogo zikaanza kuondoka sebuleni, zikaingia bapa. Sabufa hazikuondoka. Sabufa ya nyumbani hudumu, nayo ina matundu mekundu na meupe, pengine na tundu moja la AUX. Televisheni bapa nyingi hazina tena sauti ya kutoka kwa njia hiyo. Zina HDMI, na zina kitundu cha mraba chenye kifuniko kidogo, ambacho ukikisukuma ndani unaona taa nyekundu. Kitundu hicho ni kazi ya Toshiba, mwaka 1983, kwa ajili ya mashine za CD za enzi zile.

Hapo ndipo biashara ya majirani inaponoga. Kuna kipande cha plastiki cha bei ndogo ambacho upande mmoja kinapokea waya wa mwanga na upande wa pili kina ncha inayofanana na pini ya AUX. Kinaingia kwenye sabufa vizuri kabisa, tena kwa mlio mtamu wa kukaza. Kwa kompyuta yenye tundu la njia mbili, kipande hicho kina kazi halali. Kwenye sabufa kinaleta mwanga mahali pasipo na jicho. Fundi ana kopo la maziwa ya unga lililojaa vipande hivyo, vilivyoachwa mezani na wateja waliovinunua wakiwa na uhakika, kwani si viliingia?

Anachowauzia yeye ni kiboksi cha kubadilisha, chepesi, kinachotumia umeme wa volti 5, ambao mara nyingi hupatikana kwenye tundu la USB la televisheni yenyewe. Upande mmoja mwanga unaingia, upande wa pili zinatoka nyekundu na nyeupe. Lakini hata hapo pana mitego. Vipo viboksi vya sura ileile vinavyofanya kazi kinyume, kutoka analojia kwenda dijitali, na muuzaji asiyejali atakupa chochote kilicho juu ya rundo. Kisha unafunga kila kitu sawasawa na sauti bado haitoki, kwa sababu televisheni inatuma Dolby, ambayo kiboksi cha bei nafuu hakiwezi kuifungua. Inabidi uingie kwenye mipangilio ya sauti uchague PCM. Fundi anasema siku hizi anashika rimoti kuliko anavyoshika chuma cha kuchomelea risasi, na hilo linamtia huzuni kidogo.

Simu zimeongeza kizungumkuti. iPhone 7 ya mwaka 2016 ilipofuta tundu la hedifoni, watengenezaji wengine wakafuata. Kikebo kifupi cha kurudisha tundu kikawa bidhaa ya kila kibanda. Cha Apple kina chipu ndani. Katika vile vya USB-C, vingine vina chipu na vingine ni waya mtupu unaotegemea simu itoe analojia yenyewe. Vyote vinaingia. Cha waya mtupu kikafanya kazi kwenye simu ya dada na kikagoma kwenye ya kaka, mezani wanafika wawili wakilaumiana.

Nani anapaswa kumwambia mnunuzi haya? Paketi za vitu hivi husifia ncha zilizopakwa dhahabu na hazisemi kama ndani mna chipu au hamna. Walioamua tundu moja libebe kazi mbili waliokoa nafasi kwenye bodi. Gharama ya kuokoa huko imelipwa na nani? Na ni sabufa ngapi nzima zimepimwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, hakuna anayehesabu.

Malipo nayo ni kitendawili. Mwenye MacBook alipoambiwa ujira wa kazi ya kijiti, aliguna: kijiti kimoja, dakika tano. Aliyekuwa tayari kununua bodi nzima hakuwa tayari kulipia jicho lililomwokolea pesa za bodi. Walikubaliana nusu. Fundi hakuonekana kukasirika, ingawa kompyuta iliyofuata aliifungua na kuilaza chali kabla ya kuichungulia tundu, mteja akiwa anaangalia.

Kwa msomaji mwenye televisheni mpya na sabufa ya zamani, ushauri wake ni huu. Usiende dukani na maelezo ya mdomo. Piga picha nyuma ya televisheni na nyuma ya sabufa, uzioneshe. Muulize muuzaji kifaa kinapokea umeme wapi. Kugeuza dijitali kuwa analojia kunahitaji umeme, wa chaja, wa USB au wa simu yenyewe. Kipande cha plastiki kati ya televisheni na sabufa kisicho na pa kupokelea umeme hakigeuzi chochote. Kirudishe kabla hujatoka dukani.