Mbwa Mkubwa wa Ulinzi: Je, Anaifaa Nyumba Yenu?

Kaya nyingi za Al-Sulay, kusini-mashariki mwa Riyadh, zinaishi jirani na maghala na karakana zinazolindwa na mbwa. Baadhi yenu mmeombwa na mwajiri kumtunza mbwa wake. Wengine mnafikiria kununua wenu kwa kuhofia wezi. Maelezo haya ni ya kuwasaidia kuamua kabla mbwa hajaingia mlangoni, kwani kumtoa ni kuzito kuliko kumleta.

Wanazuoni wameruhusu kufuga mbwa kwa haja ya uwindaji, mifugo na shamba, na wengi wao wameufananisha ulinzi wa nyumba na haja hizo. Kumfuga kwa fahari hakumo katika ruhusa hiyo. Basi swali la kwanza ni hili: je, haja ipo kweli, au kufuli imara, taa ya nje na maelewano na majirani vingetosha?

Jiulizeni kabla ya kuamua

• Nafasi. Rottweiler dume aweza kufikia kilo 50 au zaidi. Mbwa wa namna hiyo ahitaji ua wenye ukuta na lango linalofungika. Chumba cha kupanga au paa la ghorofa havimfai. Mbwa anayeshinda mnyororoni huwa mkali zaidi.

• Joto. Kiangazi cha Riyadh hupita nyuzi 40. Mbwa hupoa kwa kuhema, wala hatoi jasho kama sisi. Kangal wa Uturuki na mbwa wa Kaukazi wana manyoya mazito ya nchi za baridi. Bila kivuli na maji wakati wote, aweza kufa kwa siku moja.

• Watoto. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa wa ulinzi humzuia mgeni, na rafiki wa mtoto wenu ni mgeni kwake. Asiachwe peke yake na mtoto mdogo, hata akiwa mpole.

• Mtunzaji. Kama watu wazima wote wako kazini kwa saa kumi na mbili, nani atamlisha, kumfunza na kumsafishia?

• Mkataba. Mbwa huishi miaka kumi hivi. Mkataba wa kazi aghalabu ni miaka miwili. Mkiondoka, nani atamchukua? Mbwa aliyetelekezwa huwa hatari kwa mtaa mzima.

• Ruhusa. Pateni idhini ya mwenye nyumba, kisha ulizeni Wizara ya Mazingira, Maji na Kilimo kuhusu aina zinazokubaliwa.

Jibu la swali lolote likikosekana, afadhali msimchukue.

Mkiamua kumfuga

Mpelekeni kwa daktari wa mifugo apate chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya minyoo, na mtunze kadi yake. Kinyesi kiokotwe kila siku, kwa kuwa mayai ya minyoo humwingia mtoto kwa mikono michafu. Mwenye kumtunza mbwa wa mwajiri aombe kuiona kadi ya chanjo.

Mbwa akimng'ata mtu

1. Osheni jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, hata likiwa mkwaruzo tu.

2. Msipake pilipili, mafuta, kahawa wala majani. Kuosha mara saba, moja kwa udongo, ni hukumu ya tohara. Udongo usiingie jerahani.

3. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Mkamilishe sindano zote kwa tarehe mtakazopewa, hata jeraha likishapona.

4. Mbwa asiuawe wala kufukuzwa. Afungiwe na kuchunguzwa kwa siku 10.

Dalili za kichaa cha mbwa huweza kuchelewa kwa miezi kadhaa, na zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Sindano zikitolewa mapema huzuia ugonjwa huo. Kwa hiyo msifiche jeraha kwa kumwogopa mwajiri au kwa shaka ya iqama: maradhi haya hayangoji karatasi.

Ushauri wa afya: 937. Gari la wagonjwa: 997.