Mshubiri wako hauna kiu, unaoza

Je, mshubiri ulio dirishani mwako umeanza kulegea majani na kugeuka rangi ya manjano, ilhali udongo wake una maji tele? Basi usikimbilie kopo la maji. Mmea huo hauna kiu. Yaelekea mizizi yake imeshikwa na kuvu na inaoza, na kila kopo unaloongeza linauharakisha mwisho wake.

Ukiwa mkaazi wa Kapkatet, Litein au sehemu yoyote ya majani chai huko Kericho na Bomet, jambo hili linakuhusu zaidi kuliko aliye Marigat au Magadi. Nyanda za Kericho ziko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hupata mvua ya kama milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo huineemesha chai. Lakini mshubiri, ambao Wakipsigis huuita tangaratwet, umeumbwa kustahimili ukame. Majani yake manene ni ghala la maji, na mwenye ghala lililojaa hahitaji kuletewa chakula kila siku.

Hasara yenyewe si ya pambo tu. Akina mama wengi hukata jani la mshubiri kumpaka mtoto aliyeungua kidogo jikoni, baada ya kupoza mahali palipoungua kwa maji safi. Wengine huliweka katika maji ya kuku wanaougua. Jani la mmea unaooza halifai kazi hizo, wala lile lililonyunyiziwa dawa.

KUVU HUINGIAJE?

Mizizi huhitaji hewa kama sisi. Udongo ukijaa maji kwa siku nyingi, hewa hutoweka, mizizi hudhoofika, na kuvu iliyokuwa imelala udongoni hupata mlango. Miongoni mwa wanaoshambulia ni Fusarium, na pia Pythium, ambaye si kuvu halisi bali ni wa jamii moja na yule aliyeangamiza viazi nchini Ireland kuanzia mwaka 1845 na kusababisha njaa iliyoua watu wapatao milioni moja.

Mkulima wa chai anaijua hila hii. Ugonjwa wa Armillaria hula mizizi ya mchai chini kwa chini, na majani yanapogeuka manjano, kazi huko chini imekwisha kufanyika. Vivyo hivyo kwa mshubiri: jani hutoa habari ikiwa imechelewa.

Kwa hiyo usibahatishe. Ng'oa mmea taratibu, ukung'ute udongo, uitazame mizizi. Mizizi mizima ni migumu, yenye rangi nyeupe au ya manjano hafifu. Iliyooza ni ya kahawia au nyeusi, huteleza vidoleni na hutoa harufu mbaya.

NAMNA YA KUUOKOA

Chukua kisu kikali au wembe, uupanguse kwa spiriti. Kata mizizi yote iliyooza, na majani yaliyolainika. Ikiwa shina limeguswa, endelea kukata hadi usione tena doa la kahawia ndani yake. Panguse kisu kila baada ya kukata, la sivyo utaipeleka kuvu mahali pazima.

Vidonda hivyo vinyunyizie unga wa salfa. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosa subira, uache mmea bila udongo wala maji kwa muda wa wiki moja, mahali penye kivuli na hewa. Katika majira ya mvua, rafu iliyo mbali na mvuke wa sufuria itafaa. Usiupande kabla kidonda hakijakauka na kufanya gamba.

Udongo wa zamani utupe mbali na bustani. Chungu kioshe kwa sabuni, kisha kwa maji yaliyotiwa Jik. Changanya udongo mpya na mchanga mkavu wa mto, ule wenye chembe kubwa, nusu kwa nusu. Baada ya kupanda, ngoja tena wiki moja kabla ya kutia maji.

Shina likiwa limeoza lote, tafuta watoto wanaochipuka kando. Mtoto mzima akitengwa mapema huweza kuendeleza ukoo. Usijaribu kupanda jani peke yake, kwani jani la mshubiri aghalabu huoza kabla ya kutoa mizizi.

Dawa za kuvu zenye shaba huuzwa katika maduka ya dawa za kilimo. Zinasaidia kuzuia madoa ya majani yasienee, lakini hazifufui mzizi uliokufa. Fuata maagizo ya pakiti, vaa glavu, na usizinyunyizie jikoni. Madoa ya rangi ya kutu yakiwa machache, yatosha kukata jani lililougua na kuacha kumwagia majani maji. Ukiona vijitonge vyeupe kama pamba, hao ni wadudu, na dawa ya kuvu haitawafanya lolote.

KINGA

Kwanza, chungu lazima kiwe na matundu chini. Mkebe wa mafuta ya kupikia ni mzuri ukitobolewa kwa msumari mahali kadhaa. Usipotobolewa ni kisima. Pili, usitandike kokoto chini ukidhani zitapitisha maji. Maji hubaki yameng'ang'ania katika udongo ulio juu yake. Ni heri kokoto ndogo zichanganywe na udongo wote.

Tatu, usiuweke chini ya ukingo wa bati. Matone ya paa huufurikisha, na mvua ya mawe hutoboa majani na kuifungulia kuvu mlango. Uweke kibarazani au dirishani penye mwanga mwingi.

Nne, usitie maji kwa kufuata kalenda. Chomeka kijiti kikavu hadi chini ya chungu. Kikitoka na unyevu au udongo ulioganda, ngoja. Kuanzia Machi hadi Mei huenda ukamaliza wiki tatu au nne bila kutia maji, na wakati wa jua la Januari na Februari, wiki mbili hivi. Sahani iliyo chini ya chungu imwage maji yake kila mara.

Mshubiri uliokaa na kiu wiki mbili hupona kwa kopo moja. Uliokaa majini wiki mbili huenda usipone kabisa. Ukiwa na shaka, basi, uache ukae na kiu.